Ng'ombe wa Mpwapwa na Ugomvi wa Wakubwa

Ndugu wanachama,

Wapo wanaotuambia kwamba mashindano ya Marekani, China na Urusi katika Bahari ya Hindi si shughuli yetu, maana visiwa vyetu ni vidogo na wakubwa wana ugomvi wao. Twawaomba wasemao hivyo waitazame Mpwapwa.

Mpwapwa iko mbali na bahari. Sifa yake ilikuwa maji: misafara itokayo Bagamoyo ilipumzika hapo kabla ya kuikabili Marenga Mkali, nyika kavu iliyo njiani kwenda Ugogo. Watu wake hawakuwa na neno na Berlin wala London. Lakini mwaka 1886 dola hizo mbili ziliigawa bara kwa mstari, Sayyid Barghash akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Mwaka 1889 Wissmann akajenga boma Mpwapwa. Mwaka 1890 Mwingereza akampa Mjerumani kisiwa cha Heligoland, naye Mjerumani akaridhia Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Nani aliulizwa? Si Mgogo, wala si Mpemba.

Hayo ni ya walipopatana. Walipogombana yalizidi. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari Königsberg iliishambulia na kuizamisha Pegasus ya Waingereza, iliyokuwa ikitengenezwa mitambo yake bandarini Unguja. Kisa hicho twakijua sote. Cha bara hakisemwi sana huku. Majeshi ya Uingereza yaliingia Mpwapwa Agosti 1916, Wajerumani wakirudi nyuma, na kila upande ulichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosekana, ghala zilikuwa tupu na wa kulima hawapo. Njaa hiyo ya 1917 hadi 1920 Wagogo waliiita Mtunya. Iliua maelfu kwa maelfu, na wengi wao hawakupata hata kuisikia bunduki.

Tangu 1964 ulinzi na mambo ya nchi za nje ni mambo ya Muungano, na mikataba yake huridhiwa na Bunge, huko Dodoma. Sisi twadai kwamba mkataba wowote utakaoleta askari, manowari au mitambo ya dola yoyote, iwe ya Mashariki au ya Magharibi, ujadiliwe kwanza waziwazi katika Baraza la Wawakilishi. Kila tawi lilizungumze jambo hili katika kikao chake kijacho, na Makatibu walete maoni kwa maandishi.