Alama ya kuuliza ya nini?

Wadau, leo nina hasira kidogo, mnivumilie.

Wiki iliyopita nilikuwa redioni kuzungumzia bei ya korosho. Mtangazaji akaniomba nitaje anuani ambayo msikilizaji atakuta habari zote za korosho tulizowahi kuandika gazetini kwetu. Nikaanza: jina la tovuti, slashi, alama ya kuuliza, s kama Sumbawanga, alama ya sawasawa, korosho... Mtangazaji akacheka, akaweka muziki. Mkulima aliyeshika kalamu kule Masasi aliambulia nini?

Nikarudi ofisini kwa fundi wetu wa tovuti. Kwa nini isiwe slashi tafuta, slashi korosho, basi? Akanijibu: "Programu ndivyo ilivyokuja."

Jamani! Suruali ya mtumba ikikuzidi urefu si unaipeleka kwa fundi cherehani? Tunatumia WordPress, programu iliyopo tangu 2003. Ukishawasha viungo vya kudumu, inaelewa pia /search/korosho. Hilo neno "search" unaligeuza kuwa "tafuta" kwa mstari mmoja kwenye faili la functions.php, kisha unahifadhi upya mpangilio wa viungo. Kisanduku cha kutafutia kitaendelea kutuma ?s=, kwa hiyo unaongeza mistari michache ya kumhamishia msomaji kwenye anuani mpya. Za zamani haziharibiki.

Fundi akaja na hoja nyingine: Google wenyewe wanashauri kurasa za matokeo ya utafutaji zisiingizwe kwenye orodha yao, sasa uzuri wa anuani wa nini? Ni kweli wanashauri hivyo, na tuzizuie. Lakini mimi sikuwa naongea na Google. Nilikuwa naongea na mkulima.

Halafu Kiswahili kimebarikiwa. Hakina nukta juu ya herufi wala mikia chini yake. Korosho, maji, katiba, vyote vinaingia kwenye anuani kama vilivyo. Labda ng'ombe tu ndiye atasumbua, kwa ile alama yake. Wafaransa wangetuonea wivu!

Tunaandika gazeti la Kiswahili, kwa Waswahili, halafu mlango wa maktaba yetu tunaufunga kwa alama ambazo hata mwandishi mwenyewe hawezi kuzitamka hewani. Huo ni uvivu, wala tusiusingizie utaalamu.

Fundi wangu, najua unasoma hapa. Kesho nakuletea chai na chapati. Faili unalijua.