BABU YANGU HAKUWA NYANI!



Tulipokuwa Kidato cha Kwanza, mwalimu wetu wa Historia alitufundisha kuhusu asili ya binadamu: masimulizi ya uumbaji na nadharia ya mageuko. Darasa zima liliangua kicheko. Jirani yangu akaninong'onezea, "Mimi nitaandika nipate maksi tu, lakini babu yangu hakuwa nyani!" Maksi alizipata zote. Swali lake hakuliuliza mpaka leo.

Hilo ndilo linalonikera. Tumekuwa na vinywa viwili: kimoja cha mtihani, kingine cha bwenini. Laiti angeuliza, angeambiwa kwamba wanasayansi hawasemi ati babu yake alikuwa nyani. Wanasema binadamu na sokwe walitokana na viumbe wa kale sana waliokuwa asili ya wote wawili.

Kuna wanaodhani fikira za watu hubadilishwa kwa amri. Sivyo. Kule Marekani, mwaka wa 1925, mwalimu John Scopes alishtakiwa katika jimbo la Tennessee kwa kufundisha mageuko, akatozwa faini ya dola 100. Sheria hiyo ilifutwa mwaka wa 1967. Je, watu walibadilika mara moja? Hata! Mwaka wa 1982, shirika la Gallup liliwauliza Wamarekani maoni yao. Asilimia 44 walisema Mungu alimwumba binadamu jinsi alivyo sasa, katika miaka 10,000 hivi iliyopita. Mwaka wa 2024 walikuwa asilimia 37. Wengine asilimia 34 walisema mageuko yalikuwapo, ila Mungu ndiye aliyeyaongoza. Kumbe mtu aweza kusadiki na kuchunguza pia! Hata Papa Yohane Paulo wa Pili, mwaka wa 1996, alikiri kuwa mageuko ni zaidi ya dhana tu, na hakuacha kusali.

Tusiwacheke Wamarekani, kwani hata kwetu moshi ulifuka. Mwaka wa 1984, Mkenya mwenzetu Kamoya Kimeu aligundua karibu na Ziwa Turkana mabaki ya mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita. Mwaka wa 2006, viongozi wa baadhi ya makanisa walipinga mifupa ya namna hiyo kuonyeshwa katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, kama ushahidi wa mageuko. Makumbusho yalipofunguliwa tena mwaka wa 2008, mifupa ilionyeshwa, na makanisa yetu bado yanajaa kila Jumapili.

Mimi ni mwumini, na mfupa haunitishi. Kinachonitisha ni mwanafunzi anayeandika asichokiamini, na kuamini asichokichunguza. Basi wenzangu, tuinueni mikono darasani. Nanyi walimu wetu wapendwa, msituone wakaidi tukiuliza. Wahenga walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Mwanachama, Kidato cha Nne