Kabla Bunduki ya Keya Haijayeyushwa

Mkazi wa Merigi, katika Kaunti ya Bomet, akiamka asubuhi moja na kuazimia kununua bunduki kuukuu ya jeshi, aisugue kutu, akipake mafuta kitako chake na kuitundika ukutani, hatapata pa kuanzia. Majani chai yake ana pa kuyauza, maziwa yake vilevile, lakini bunduki hana pa kuinunua. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, iliyozaliwa enzi za Hali ya Hatari, haimruhusu mtu kununua wala kumiliki bunduki, au hata risasi, pasipo cheti. Na atakayeomba cheti kwa hoja ya mapenzi ya vitu vya kale tu, bila shaka atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza.

Kwa Mmarekani jambo hilohilo ni burudani ya siku ya mapumziko. Baada ya vita viwili vikuu vya dunia, serikali nyingi zilijikuta na maghala ya bunduki zisizokuwa na kazi, zikaziuza kwa bei ya kutupa. Wapo watu waliozinunua kwa mapenzi ya ufundi na historia, na wapo wengine. Bunduki iliyomwua Rais John F. Kennedy huko Dallas, Novemba 1963, ilikuwa masalio ya jeshi la Italia, iliyoagizwa kwa posta pamoja na darubini yake kwa dola 19.95. Tukio hilo lilichangia kuzaliwa kwa sheria ya 1968 iliyopiga marufuku uuzaji wa namna hiyo kwa posta. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba silaha ikizeeka huwa kikongwe asiyeweza kudhuru.

Makala haya hayadai kwamba mkazi wa Merigi apewe bunduki. Yanadai kwamba bunduki za Keya, yaani zile zilizobebwa na askari Waafrika wa jeshi la Kiingereza, ziteuliwe miongoni mwa zile zinazosubiri moto, zifungwe zisiweze kufyatuka tena, zikarabatiwe kwa heshima na kuwekwa hadharani. Dai hili linawahusu wanafunzi wa Kiswahili kuliko wanavyodhani. Hilo jina lenyewe, Keya, ni herufi tatu za Kiingereza, KAR, zilizomezwa na Kiswahili zikawa neno, sawa na Kariakoo lilivyozaliwa kutokana na kikosi cha wapagazi.

Yafaa kwanza kueleza ukarabati wenyewe ni kazi gani, kwa kuwa wengi hudhani ni kupiga msasa na kupaka rangi. Bunduki mashuhuri ya Keya ilikuwa Lee-Enfield, iliyoingia katika jeshi la Kiingereza mwaka 1895, ikarekebishwa mwaka 1907, na kurekebishwa tena wakati wa Vita vya Pili ikapata umbo ambalo Wakenya wengi hulijua kwa jina la Mark 4. Hubeba risasi kumi za milimita 7.7, na baada ya kila mlio mpigaji huvuta komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Fundi mwenye adabu akikabidhiwa bunduki ya namna hiyo haanzi na msasa hata kidogo. Huanza kwa kuisoma. Huangalia nambari iliyogongwa mwilini, kisha ile ya komeo, aone kama zinalingana. Zisipolingana, hiyo ni bunduki iliyounganishwa na vipande vya nyingine, na huenda si salama. Hutafuta alama ya mshale, ambayo ndiyo chapa ya mali ya serikali ya Uingereza. Akikuta mishale miwili imeelekeana ncha kwa ncha, hutambua kwamba bunduki hiyo iliachishwa kazi ikauzwa. Mti wa kitako nao huandikwa mihuri ya viwanda na ya wakaguzi, na hiyo ndiyo sababu msasa ni adui: dakika tano za bidii ya mjinga hufuta historia ya miaka themanini. Mti huo huoshwa polepole, kisha ukalishwa mafuta ya mbegu za kitani, tone baada ya tone, kwa kiganja cha mkono.

Kasiba ina maradhi yake pia. Fataki za risasi za zamani ziliacha chumvi ndani ya kasiba, na chumvi hiyo hunyonya unyevu wa hewa na kuzaa kutu. Askari wa jeshi la Kiingereza walifunzwa kumimina maji yanayochemka ndani ya kasiba baada ya kupiga, ndipo wapitishe kitambaa chenye mafuta. Asiyefanya hivyo katika nchi ya mvua kama ya Kericho na Bomet angeona matokeo haraka. Bunduki iliyotunzwa, basi, ni ushahidi wa mikono iliyoitunza. Na iliyooza ndani ni ushahidi pia.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Jeshi la Keya, lililoundwa mwaka 1902, liliandikisha Wakipsigis na Wanandi kwa wingi. Walipigana Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza. Katika vile vya Pili wakafika Uhabeshi mwaka 1941, Bukini mwaka 1942 na Burma mwaka 1944. Kila bunduki iliyopita mikononi mwao ilikuwa na nambari, na kila nambari ilikuwa na mahali pake katika daftari la ghala. Watu je? Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti iliyokiri kwamba wanajeshi na wapagazi wasiopungua 116,000, na pengine wafikao 350,000, waliokufa kutokana na Vita vya Kwanza, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Na sehemu kubwa yao walikuwa watu wa Afrika Mashariki na Misri. Sanamu za shaba zilizosimama katika barabara ya Kenyatta jijini Nairobi zina bunduki na mizigo, lakini hazina jina la mtu hata mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa mali iliandikwa daftarini. Aliyepotea bila habari ni mtu.

Anayeishi katika nchi ya majani chai ana sababu ya ziada ya kulitafakari hili. Baada ya Vita vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilitenga ekari zipatazo 25,000 karibu na Kericho, zilizokatwa kutoka ardhi ya Wakipsigis, ikawapa maofisa wa Kiingereza walioumia vitani walime kitani. Bei ya kitani ilianguka, koloni hiyo ya maofisa ikavunjika, na katikati ya miaka ya 1920 ardhi hiyo ikaingia mikononi mwa kampuni za chai. Mgao wa ardhi kwa waliopigana haukumhusu askari Mwafrika. Alirudisha bunduki ghalani, nayo ikapakwa mafuta ya kitani kilekile ambacho maofisa walishindwa kukilima, akarudi nyumbani kuvaa kipande shingoni. Mashamba yale ya kijani yanayopendeza katika picha za watalii yana asili yake katika vita hivyo, ingawa ni nadra mtu kuambiwa.

Sasa bunduki zenyewe huishia wapi? Mwezi Novemba 2016 serikali ya Kenya iliteketeza silaha 5,250 huko Ngong. Mwezi Juni 2021 ikateketeza nyingine 5,144. Lengo lilikuwa jema, na hapana mwenye akili atakayelipinga. Jamii za wafugaji zimezika vijana wengi mno kwa sababu ya silaha haramu. Lakini katika rundo la namna hiyo, bunduki ya mwaka 1917 na ya mwaka 1990 huyeyuka pamoja, na moto hausomi nambari. Kuchagua kumi au ishirini zenye umri na chapa, kabla ya kiberiti kuwashwa, ni kazi ya siku mbili kwa mtu mmoja mwenye ujuzi na kalamu.

Ajabu ni kwamba silaha kubwa hazikupata kuogopwa hivyo. Katika Fort Jesus, Mombasa, umehifadhiwa mzinga wa Königsberg, manowari ya Wajerumani iliyoishia katika delta ya Rufiji mwaka 1915, na mzinga wa Pegasus, manowari ya Waingereza iliyozamishwa na hiyo Königsberg katika bandari ya Zanzibar mwezi Septemba 1914. Watoto wa shule huipanda mizinga hiyo kwa macho yao na kujifunza ugomvi wa wafalme wawili wa Ulaya. Silaha ya askari wa kawaida, ile iliyochubua bega la mtu wa Merigi au wa Sotik, haikupata bahati hiyo.

Watakaopinga watauliza: bunduki iliyofungwa haiwezi kufunguliwa? Inaweza. Miongoni mwa silaha zilizotumiwa na magaidi jijini Paris mwezi Januari 2015 zilikuwamo zilizouzwa Slovakia kama silaha zisizoweza kupiga risasi halisi, kisha zikafufuliwa. Hoja hiyo ni nzito, na ndiyo inayowanyima haki wale wanaotamani kuona bunduki za kale zikirudi sebuleni mwa watu. Uingereza, tangu sheria yake ya 1988, hukagua na kugonga muhuri silaha iliyofungwa ipasavyo: kasiba huzibwa, komeo hukatwa. Hata hivyo Kenya isiige hatua ya kuziachia mikononi mwa raia. Mahali pa bunduki hizo ni makumbusho, nyuma ya kioo, chini ya kufuli la dola. Mfano upo karibu. Fimbo tatu za Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na Waingereza mwaka 1905, zilirejeshwa kutoka Uingereza mwaka 2006, na Nandi Hills kuna makumbusho yenye jina lake. Ikiwa fimbo za aliyepigwa risasi zimepata nyumba, bunduki ya enzi hizo nayo ikae jirani nazo, ili mtazamaji aone pande zote mbili.

Limebaki suala la lugha, na hapa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana wa kumsingizia. Kiswahili kiliijua bunduki karne nyingi kabla ya Keya. Kilikuwa na mrau, uliowashwa kwa utambi. Kikawa na gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kikawa na korofindo na gobori, zilizoshindiliwa baruti kwa mdeki kupitia mdomoni. Kisha ikaja bunduki ya viasi. Gobori bado linaishi vizuri Tanzania, ambako wawindaji hulitumia. Gumegume limeachwa litukane wanaume wasiofaa, na wengi wanaolitamka hawajui kwamba wanataja bunduki iliyopitwa na wakati. Tusi hilo lina mantiki yake! Mdeki je? Darasani, ni nadra kumpata mwanafunzi alijuaye. Kwa upande mwingine, bunduki ya Keya ina sehemu ambazo Kiswahili sanifu hakijaziamulia majina. Makala haya yametumia komeo kwa kile chuma kinachovutwa kwa mkono, kwa kuwa hufanya kazi ya komeo la mlango. Na ni vyema kukumbuka kwamba mafundi wa Mau Mau walitumia makomeo halisi ya milango na mabomba ya maji kuundia bunduki zao msituni. Ile mifuo ya kujipinda ndani ya kasiba, inayoizungusha risasi, askari waliiitaje? Kiswahili kilikuwa lugha kuu ya kambi zao. Hawakuisafisha kila siku pasipo kuitaja.

Maneno hayo hayatapatikana maktabani. Aliyekuwa na umri wa miaka 18 huko Burma mwaka 1944 sasa anakaribia 100, kama yu hai. Wanaobaki ni watoto na wajukuu waliosikia. Ikiwa ipo nyumba Merigi, Longisa au Chemaner yenye nishani ndani ya sanduku au hati ya kuachishwa jeshi iliyokunjwa mara nne, mwanafunzi wa Kiswahili aliye likizoni ndiye mtu wa kwanza anayepaswa kubisha hodi, akiwa na daftari. Aulize jina la askari, nambari yake, kikosi chake, na majina ya vipande vya bunduki kama mzee alivyovitaja, kwa Kiswahili na kwa Kikipsigis. Idara za Kiswahili nazo ziwaandikie wanaosimamia makumbusho na wanaosimamia silaha zilizotwaliwa, ziombe bunduki moja tu kwa kuanzia: kasiba imezibwa, komeo limekatwa, kitako kimelishwa mafuta na mihuri yake kuachwa ilivyo. Chini yake kiwekwe kibao. Mstari wa kwanza uwe nambari ya bunduki, ambayo tayari inajulikana. Mstari wa pili uachwe wazi mpaka jina lipatikane.