Ukihama Seva, Logi Zako Zitakufuata?

Wadau, leo naongea na sisi madev wa mashinani, kuanzia Karurumo na Runyenjes mpaka Chuka. Tuache hii tabia ya kuandika njia ya faili la logi ndani ya msimbo.

Unaunda programu kwa laptopu ya Windows, unaambia logi ziende C:\logs. Inafanya kazi poa. Halafu unaipandisha kwa seva ya Linux, ambayo haijui C: ni kitu gani. Ama programu igome kuwaka, ama logi ziangukie faili lenye jina la ajabu ambalo hakuna mtu atalitafuta. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwa sababu utadhani mambo yako sawa.

Sasa chukulia ni programu ya kupima kahawa kiwandani. Mkulima anadai alileta kilo 82, mfumo unasema 28. Bila logi, ni neno lake dhidi ya kompyuta. Unajua nani atalia.

Saa nayo? Seva nyingi hufuata UTC, sisi tuko saa tatu mbele. Malipo ya saa nane usiku tarehe 1 yataandikwa saa tano usiku ya siku iliyotangulia, mwezi mwingine kabisa! Andika saa pamoja na +03:00, ama utumie UTC kila mahali na uiandike wazi.

Dawa si ngeni. Adam Wiggins wa Heroku aliiandika 2011 kwenye kanuni za Twelve-Factor App: programu itoe logi kwa stdout tu, mazingira ndiyo yaamue zihifadhiwe wapi. Mipangilio ikae kwa vigeu vya mazingira. Kwa laptopu weka LOG_LEVEL=DEBUG, kwa seva weka INFO. Msimbo ni ule ule. Ukisahau DEBUG kwa seva, unaweza kuanika namba za simu za wakulima, na tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019.

Najua kuna wale watasema, "Hayo ni ya makampuni makubwa." Mimi nasema ni kinyume. Kampuni kubwa ina mtu wa zamu usiku kucha. Wewe uko peke yako, na bando ni ya kuhesabu. Ni nani anahitaji logi kuliko wewe?

Kwa hivyo ukinionyesha programu yako, sitauliza rangi za vitufe. Nitauliza: tukihama seva leo jioni, logi zitaendelea bila kugusa mstari hata mmoja wa msimbo? Kama jibu ni hapana, usiwauzie watu bado.