Unene wa Mtoto Si Cheti cha Malezi

Kuna kasumba iliyoota mizizi katika nyumba nyingi za watu wenye mishahara, toka Mwanza mjini hadi njia panda ya Usagara. Kasumba hiyo husema kwamba mtoto aliyenenepa ndiye aliyelelewa vema, na kwamba mtoto mwembamba ni aibu ya wazazi wake. Jirani akitamka, “Mwanao amekonda,” mama huona ametukanwa. Jioni hiyo hiyo mtoto hushurutishwa kumaliza sahani iliyojaa, na akiimaliza hutunukiwa soda.

Mtoto huyo anafunzwa nini? Anafunzwa kula ili kuyaridhisha macho ya jirani, wala si kwa kuwa ana njaa. Baba naye anapokipapasa kitambi chake kana kwamba ni cheo, mwana hutamani kumwiga. Wapo pia wazazi wanaomcheka binti yao mnene mbele ya wageni. Binti hujinyima chakula mezani, kisha hula kwa kificho. Kosa ni lile lile: mwili wa mtoto umegeuzwa kioo cha heshima ya mzazi.

Mwaka 1975 Taifa liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai, kuwafunza wananchi kwamba kushiba si kulishwa vema. Somo hilo limepuuzwa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mtoto aliyedumaa aweza kuwa na mashavu ya kupendeza. Kimo chake ndicho kinachosema kweli. Kwa upande mwingine, uchunguzi wa mwaka 2012 ulikuta watu wapatao 9 katika kila 100, wa umri wa miaka 25 hadi 64, wana kisukari, ugonjwa ambao unene huukaribisha.

Wakazi wa kando ya Ziwa Victoria hawana kisingizio. Dagaa wamo, lakini wengi husagwa kuwa chakula cha kuku, huku mwenye kuku akimnunulia mwanawe chipsi.

Walimu na watumishi wa umma hapana budi watangulie kujisahihisha. Mtoto na apimwe uzito na kimo kliniki, aandaliwe samaki, maharage, mboga na matunda, kisha aaminiwe asemapo ameshiba. Ulimi wa jirani si mizani.