Jina la mama katika daftari

Juma hili tuongee juu ya Waakadia. Ni watu wa asili ya Ufaransa waliokaa pwani ya Kanada ya leo, huko Port-Royal na Grand-Pré. Kuanzia 1755 Waingereza waliwafukuza na kuwatawanya, ndugu huku, ndugu kule. Hata hivyo wajukuu wao wanaufuata ukoo mpaka leo, maana mapadri waliandika.

Mwaka 1671 padri Laurent Molin alipita nyumba kwa nyumba akihesabu watu, ng'ombe, kondoo na mashamba. Étienne Robichaud alitoka nyumbani, akamwachia mke wake kazi ya kumwambia padri kwamba hatataja mifugo yake. (Tunamwelewa kidogo!)

Lakini sisi walimu wanawake tumependa jambo hili: mwanamke aliyeolewa aliandikwa kwa jina la kwao. Mtafutaji anapanda kwa upande wa mama vilevile kama wa baba. Huku kwetu nyanya akiandikwa «Mama Furaha» tu, mjukuu ataanzia wapi?

Madaftari ya Grand-Pré yalisafiri na waliofukuzwa mpaka Louisiana. Leo yako Baton Rouge. Mengi mengine yalipotea. Hapo ndoa za baadaye zinasaidia: watu wa ukoo mmoja walihitaji ruhusa ya Kanisa ili waoane, na padri aliandika ngazi ya undugu wao. Akiandika «ya tatu», mtafutaji anajua: wachumba hao wanakutana kwa mzazi wa babu au wa nyanya.