Jamani, hiyo habari ya Panadol mliisoma mpaka mwisho?

Nimepotea wiki mbili, testi zilinibana, na bumu nalo ndio hivyo tena, bado. Leo nilipanga kuandika kuhusu maji ya hosteli, lakini hayo yatangoja. Jumamosi nilichemka kweli, na nisipoandika sitalala.

Iko hivi. Rumeti wangu ana dada yake Mbagala, mjamzito wa miezi saba. Wiki iliyopita dada kapata homa, kichwa kinagonga, mwili unatetemeka. Panadol ndani anazo, hakumeza. Kisa? Kwenye grupu lao la WhatsApp kuna mtu alirusha habari kwamba Panadol inaleta watoto wenye usonji, eti Marekani wamethibitisha. Basi akamtuma kijana duka la dawa amletee "dawa nyingine ya maumivu". Akaletewa kidonge chenye diklofenaki. Kameza siku mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri. Diklofenaki, ibuprofen na ndugu zao ndizo dawa ambazo mjamzito anaambiwa asiguse bila daktari, hasa miezi ya mwishoni. Zinaweza kuathiri figo za mtoto aliye tumboni na kufunga kabla ya wakati mshipa mmoja muhimu karibu na moyo wake. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, walitoa onyo mwaka 2020, kuanzia wiki ya 20 ya mimba. Yaani dada karuka mkojo kakanyaga mavi (samahani kwa lugha). Tena tulipokwenda kumwona nikageuza ile pakiti nisome: diklofenaki NA paracetamol. Hiyo Panadol aliyoikimbia imo humo humo!

Turudi kwenye habari yenyewe. Tarehe 22 Septemba 2025 Rais Trump, akiwa na waziri wake wa afya Robert F. Kennedy Jr., aliwaambia wajawazito waepuke Tylenol, ambayo ni jina la huko la hii hii paracetamol. Hilo ndilo lililosambaa. Siku ile ile FDA hao hao waliwaandikia madaktari kwamba haijathibitika kuwa dawa hiyo ndiyo inayosababisha usonji. Siku mbili baadaye WHO nao wakasema hakuna ushahidi wa kutosha wa kuthibitisha uhusiano huo. Hilo nani alilirusha kwenye grupu? Nani alilisoma redioni kwa sauti ile ile ya kutisha?

Mimi nauliza swali moja tu ambalo mwandishi yeyote angeweza kuuliza: imeongezeka kutoka ngapi kwenda ngapi? Kuna utafiti wa Uswidi uliotoka Aprili 2024 kwenye jarida la JAMA, watoto karibu milioni 2.5. Kati ya watoto 1,000 ambao mama zao hawakutumia dawa hiyo, kama 13 walikuwa na usonji kufikia miaka 10. Kwa waliotumia, kama 15. Hapo ndipo kichwa cha habari kinapozaliwa. Lakini watafiti wakaenda mbele, wakalinganisha ndugu wa tumbo moja: mimba hii mama alimeza, ile hakumeza. Tofauti ikayeyuka. Maana anayemeza Panadol anaimeza kwa sababu anaumwa, ana homa, ana kipandauso, ana maradhi ya ukoo wao. Ukisema dawa ndiyo mkosaji ni sawa na kusema miavuli inaleta mvua.

Najua kuna mdau atanijia juu: "kwa hiyo wewe unatetea makampuni ya dawa?" Hapana bwana. Vioxx ilikuwa dawa ya maumivu iliyouzwa dunia nzima, na Septemba 2004 Merck wenyewe waliiondoa sokoni baada ya jaribio kuonyesha kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi karibu mara mbili. Habari ile ilikuwa ya kweli na ilistahili kelele. Na Panadol yenyewe si pipi. Ukipita gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, unachezea ini lako. Hapa hosteli kuna watu wanameza Panadol na dawa ya mafua kwa pamoja bila kujua kwamba dawa nyingi za mafua nazo zina paracetamol ndani. Hilo mbona hatulisikii?

Mwingine atasema si bora kuwa mwangalifu tu, aache dawa zote. Avumilie homa ya Mbagala, na mbu wale? Homa kali nayo ina madhara kwa mimba, na malaria ndiyo usiseme.

Ndiyo ilivyokuwa. Tulimpeleka zahanati, kapimwa, malaria. Kapewa dawa ya malaria, kaambiwa ile diklofenaki aitupe, na ya kushusha homa kapewa... mnajua wenyewe. Mtoto anacheza, wanaendelea kumwangalia kliniki.

Jana rumeti akaandika lile onyo la diklofenaki kwenye grupu la dada yake. Mpaka sasa kajibu mtu mmoja tu. Anauliza kama ndiyo hiyo anayomnunulia shemeji yake, ana miezi minane.